Nimekuta paka ghorofa ya saba kwenye jengo halijaisha, kafikaje huku na nimfanyeje?

Waya Mbili

Wakuu habari za asubuhi, naombeni ushauri wa haraka maana hapa nilipo nimekalia ndoo iliyopinduliwa, namwangalia paka na yeye ananiangalia, kati yetu kuna kama mita nne na hakuna anayetaka kuanza.

Mimi ni fundi umeme, tupo saiti ya jengo litakalokuwa na ghorofa tisa, mpaka sasa slabu ya saba ndo imekauka. Ngazi za zege zimefika ya tano tu, kutoka pale kwenda juu unapanda ngazi ya mbao, zile za kupigilia misumari, imeegeshwa kwenye tundu la slabu na imesimama wima kweli kweli, yani mimi mwenyewe nikiipanda na begi la vifaa huwa nasali kwanza. Kuzunguka saiti yote ni uzio wa mabati. Leo nimetangulia kabla ya wenzangu nikague mabomba ya waya niliyolaza jana, kufika juu nasikia kitu kinakwangua karatasi nikajua ni panya, namulika tochi naona macho mawili ya kijani. Paka. Kakaa juu ya rundo la mifuko mitupu ya saruji pembeni ya tundu la shafti ya mabomba ya maji, katulia kama yeye ndo kanipangisha.

Jamaa ana rangi tatu, nyeupe nyeusi na machungwa, kakonda, miguu yote minne imepauka vumbi la saruji, shingoni hana mkanda. Sasa kinachonishangaza ni kwamba hakimbii. Nikisogea anafoka, anarudi nyuma hatua mbili tatu, alafu anasimama, nikirudi kwenye ndoo yangu na yeye anarudi palepale alipokuwa. Na sio mara ya kwanza, wiki iliyopita niliona mkia tu unapotea nyuma ya mirunda nikasema ni uchovu.

Naomba kujua, kafikaje huku? Amekwama anashindwa kushuka? Nina gunia na glavu za ngozi, nimdake nimshushe nimwachie nje ya uzio? Au ni wa mtu? Foremani nimemgusia kwenye simu kasema nimwondoe kabla ya Jumatatu maana Jumatatu mafundi tofali wanaanza kuziba shafti zote, na leo ni Alhamisi. Natanguliza shukrani. Atakayekuja na habari za mikosi naomba abaki nazo.

Kijiwe cha Usiku

Huyo katumwa na mwenye jengo kukagua kazi mkuu. Panga waya zako vizuri.

Ngazi Nne

Mbona unajitesa, mtishe tu atashuka kama alivyopanda. Na hata akianguka paka hafi, anageuka hewani anatua na miguu. Nishaona mmoja kaanguka toka juu ya paa akajikung'uta akaenda zake.

Daktari wa Mbuzi

Ngazi Nne hapana, tena naomba usimpe mtu ushauri huo akiwa ghorofa ya saba isiyo na kuta. Kugeuka hewani anageuka kweli, uti wake wa mgongo unajikunja vibaya mno na sikio la ndani linamwambia chini ni wapi, lakini kutua na miguu ni kitu kimoja na kutoumia ni kingine. Huo msemo wa paka hafi umepewa nguvu na utafiti mmoja wa New York wa mwaka 1987, madaktari walihesabu paka 132 walioanguka kutoka maghorofani wakaletwa hospitalini kwao, asilimia kama 90 wakapona. Watu wameshika hiyo 90 wakasahau neno "wakaletwa". Aliyekufia palepale chini nani ahangaike kumpeleka hospitali? Na hao waliopona wengi walikuwa wameumia kifua, wengine taya, wengine miguu.

Kuhusu kupanda, hilo kwa paka ni jambo dogo. Kucha zake zimepinda kuelekea nyuma, akipanda zinashika kama ndoano. Shida ni kushuka, akitanguliza kichwa kucha hazishiki kitu, inabidi ashuke kinyumenyume na wengi hawajui, ndo maana unamkuta kapanda mti kwa sekunde tano kisha analia juu kutwa nzima. Ila ngazi yenye vipago ni nafuu, paka aliyeizoea anaiweza kwenda na kurudi.

Sasa mkuu Waya Mbili angalia mambo mawili kabla hujashika hilo gunia. Huko juu kuna mavi ya paka? Kuna chombo cha maji chochote, hata dimbwi la kumwagilia zege? Kama hakuna mavi na hakuna maji na wewe umemwona toka wiki iliyopita, basi huyo anashuka na kupanda kila siku nyie mkiwa mmelala. Paka aliyekwama wiki nzima bila maji hana nguvu za kukufokea.

Kona Kali

Mimi naona wote mnapotea. Hiyo sio paka ni kimburu, wale wa porini. Wanapenda sehemu za juu na wanatembea usiku. Usiisogelee.

Bi Mkasi

Kaka yangu Kona Kali, kimburu wa rangi tatu umemwona wapi? Kimburu ana rangi ya mchanga au kijivu chenye michirizi hafifu, miguu mirefu mpaka akikaa anakuwa kama kakaa kwenye stuli, nyuma ya masikio ana wekundu wa kutu, mkia una pete nyeusi na ncha nyeusi. Na kimburu angemsikia fundi akiwa bado ghorofa ya tatu, angeshapotea. Ni kweli hawa wa nyumbani wametokana na yeye, mwaka 2007 wanasayansi walilifuatilia hilo kwa vinasaba wakaishia Mashariki ya Karibu, na kule Cyprus kuna kaburi la miaka kama 9,500 iliyopita mtu kazikwa na paka pembeni yake. Lakini hayo ni mambo ya mababu, huyu wa ghorofa ya saba ni nyau wa kawaida kabisa.

Haya, Waya Mbili mdogo wangu. Kwanza acha kumwita jamaa. Paka mwenye rangi tatu ni jike, dume wa namna hiyo anatokea mara chache sana mpaka daktari anaitana na wenzake waje kumwona. Kinasaba cha rangi ya machungwa kipo kwenye kromosomu X, jike anazo mbili kwa hiyo moja inaweza kubeba machungwa na nyingine nyeusi, dume anayo moja tu, achague.

Ukishajua ni jike soma tena ulichoandika mwenyewe. Kakonda. Yupo sehemu moja wiki nzima. Ukisogea anarudi hatua tatu tu, hakimbii, na ukiondoka anarudi palepale. Umesikia anakwangua karatasi. Na pembeni kuna tundu. Huyo hajakwama na wala hajapotea, huyo ana watoto ndani ya hiyo shafti na wewe ndo umeingia chumbani kwake bila hodi.

Usimshike. Mwangalie tumbo akisimama, anayenyonyesha chuchu zimevimba na nywele kuzunguka chuchu zimenyonyoka, utaziona hata kwa mbali. Alafu mwangalie masikio. Kama sikio moja ncha yake imekatwa kwa mstari ulionyooka, sehemu nyingi huwa ni la kushoto, maana yake alishadakwa na watu wa paka wa mtaani wakamfunga kizazi wakamrudisha alipotoka, hapo nitakuwa nimekosea na nitakuomba radhi. Lakini ukimbeba mama kwenye gunia ukamtupa nje ya uzio leo, vitoto vinabaki na baridi na njaa mpaka Jumatatu, kisha vinajengewa ukuta.

Ngazi Nne

Duh. Sikufikiria upande huo.

Mzee wa Boneti

Na mimi niongezee kuhusu hizo glavu, maana nimejifunza kwa mkono wangu mwenyewe.

Mimi ni fundi magari. Kuna asubuhi mteja kaleta gari anasema linalia kama mtoto, nikajua ni mkanda, nafungua boneti naona paka kajibana kati ya injini na betri, ameingia usiku kufuata joto. Nikajifanya shujaa nikavaa glavu nikamdaka shingoni. Akanipa moja tu, kwenye ngozi ya kidole gumba, jino likapita glavu kama inavyopita karatasi. Vilibaki vitundu viwili kama vya sindano, damu tone moja, nikasuuza na maji kidogo nikaendelea na kazi. Kesho yake asubuhi mkono umevimba mpaka saa haifungiki, mstari mwekundu unapanda kuelekea kiwiko, nikalazwa siku tatu napigwa dawa za mishipa. Daktari aliniambia mbwa anachana lakini paka anachoma, meno yake membamba yanapeleka uchafu ndani kabisa mpaka kwenye kano alafu ngozi inajifunga juu, bakteria wanabaki ndani wanafanya sherehe.

Kwa hiyo mkuu akikung'ata, sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, angalia saa, usikadirie, kisha hospitali siku hiyohiyo. Sio kwa ajili ya uvimbe tu, kuna kichaa cha mbwa ambacho paka naye anacho, na kile kikishaanza kuonyesha dalili karibu hakuna anayepona, chanjo inasaidia ikiwahi. Ulizia na ya pepopunda.

Na wenye magari wote humu, asubuhi kabla ya kuwasha gonga boneti mara mbili tatu. Kelele ya feni kumkuta kiumbe mle ndani usiombe uisikie.

Kijiwe cha Usiku

Mzee umenifanya niangalie kidole changu gumba.

Waya Mbili

MREJESHO

Bi Mkasi dada yangu nakuvulia kofia. Na helmeti pia.

Nilirudi kwenye ndoo nikakaa kimya kama dakika ishirini, yeye akajisahau akasimama akajinyoosha. Chuchu zinaonekana, mbili za nyuma zimevimba na kuzunguka hakuna nywele kabisa ngozi ni ya pinki. Masikio yote mazima, la kulia lina mpasuko mdogo wa zamani ila halijakatwa. Mavi hakuna, nimezunguka slabu yote. Maji yapo ya kumwagilia zege ila yako ghorofa ya nne.

Baadae akaondoka, akapita njia ya ngazi ile ile ya mbao, sikumfuata. Nikalala kifudifudi pembeni ya shafti nikamulika. Hii shafti chini yake bado ina plaiwudi ya boksi ambayo mafundi mbao hawajaing'oa, kwa hiyo imekuwa kama sanduku la kina cha nusu mita hivi. Ndani kachana mifuko ya saruji vipande vidogo vidogo katandika vizuri, na katikati kuna vitoto vinne vimelaliana, viwili vya rangi ya machungwa, kimoja cheusi, kimoja kama mama yake. Macho yamefunguka, yana bluu fulani ya ukungu. Kile cheusi kikanyanyua kichwa kikanifokea, yani mdomo unafunguka lakini sauti haitoki, kichwa chenyewe kinatikisika kwa sababu shingo haijakomaa, na bado kinanitisha.

Wote wana vumbi la saruji. Nimeona nisiwaguse. Sasa nifanyeje? Nilete maziwa? Niwabebe kwenda nao nyumbani? Nimwambie foremani au nikae kimya? Nina siku tatu na robo.

Daktari wa Mbuzi

Vizuri sana kwa kutogusa. Twende moja moja ila sio kwa mpangilio.

Umri: macho hufunguka kati ya siku ya 7 na ya 14, na bluu hiyo wanakuwa nayo wote mwanzoni. Kama masikio yamesimama na kichwa kinanyanyuka ila kinayumba, weka wiki tatu. Hiyo ni habari nzuri na mbaya. Nzuri kwa sababu wameshavuka kipindi kibaya zaidi. Mbaya kwa sababu wiki ijayo wanaanza kutembea, na kutembea kwenye slabu isiyo na kuta unajua mwisho wake.

Maziwa ya ng'ombe hapana, yatawaharisha, na mtoto wa ukubwa huo akiharisha siku mbili anakauka anakufa. Mama yupo na anarudi, hakuna maziwa utakayopata popote yatakayomzidi. Wewe mlishe mama. Chakula cha paka, au samaki wa kopo bila chumvi nyingi, na maji safi. Umpelekee chini, sio juu, nitakwambia kwa nini.

Saruji ndo inayonitia wasiwasi kuliko ghorofa. Wewe ni mtu wa saiti unajua inavyokula ngozi ya vidole, ikilowa pH yake inapita 12. Vumbi kavu likikutana na mate au mkojo linakuwa kitu hichohicho, na paka anajisafisha kwa ulimi, anawasafisha na watoto kwa ulimi uleule. Kwa hiyo kesho akiwa ameshuka, toa karatasi za saruji weka fulana ya pamba ya zamani, usitoe zote, acha konzi moja iliyo safi kidogo ibaki na harufu yao. Fanya kwa dakika tatu uondoke. Habari kwamba paka akinusa mkono wa mtu anawatelekeza watoto haina ukweli, ila usumbufu wa kila saa unamfanya ahame, na ukiwa na ghorofa mbili juu wazi pande zote hutaki achague mwenyewe kona ya kuhamia.

Foremani mwambie. Ukinyamaza na wewe ukaumwa Jumatatu, fundi tofali hana habari.

Bi Mkasi

Naongezea hapo pa kuhama. Usiwarukishe kutoka ya saba mpaka chini kwa mara moja bila yeye kujua wamekwenda wapi. Chukua boksi la karatasi gumu, toboa mlango upande mmoja, weka sehemu iliyojificha chini kabisa, karibu na anapokula. Ndo maana daktari kasema alishwe chini. Siku moja mbili azoee kwamba pale kuna chakula, kuna giza, hakuna kelele. Kisha ukihamisha watoto hakikisha yupo anakuona, mfungulie boksi anuse, awafuate. Akikataa atawarudisha mwenyewe juu mmoja mmoja, usigombane naye, unaanza upya.

Na kama unataka kujua anarudi kwao mara ngapi bila kukaa kwenye ndoo usiku kucha, nyunyiza unga kidogo kuzunguka kiota asubuhi unasoma nyayo. Ila wewe una vumbi la kutosha naona.

Baada ya hapo kuna kazi bado. Akinyonyesha haimaanishi hawezi kushika mimba, wiki chache tu baada ya kuzaa anaweza kuanza kutafuta dume, na mimba ni siku 63 hadi 65. Na hivyo vitoto vyenyewe vya kike vikifika miezi minne vinaweza kubeba. Usipomfunga kizazi, mwakani utakuja kufungua uzi wa paka kumi na mbili kwenye lifti.

Kona Kali

Kimburu nimekubali nimefuta. Ila je kama ni wa mtu? Kutokuwa na mkanda sio ushahidi. Paka wanatoka mbali sana, kuna yule wa Florida Marekani mwaka 2012 alipotea Daytona Beach akaja kuonekana West Palm Beach alikokuwa anaishi, miezi miwili baadae, kilomita kama 300. Makucha yamelika kabisa.

Daktari wa Mbuzi

Yule wa Florida alijulikana kwa sababu ya chipu chini ya ngozi, na alipata umaarufu kwa sababu ni wa ajabu. Paka wa kawaida ni mtu wa hapahapa. Mwaka 2020 ilitoka kazi moja walifunga GPS paka 925 wa majumbani katika nchi 6, wengi wao hawakutoka hata mita 100 nje ya kwao. Nyingine ya Australia ya 2018 iliuliza wenye paka 1,210 waliopotea, katika waliopatikana robo tatu walikuwa ndani ya mita 500. Wanaokwenda mbali ni madume yasiyohasiwa, mashume.

Kwa hiyo umeuliza swali la maana. Waya Mbili, piga picha nzuri ya ubavu wake, madoa ya rangi tatu hayafanani kwa paka wawili, ulizia nyumba za jirani na saiti, na uanze na watu waliopo ndani ya uzio. Ukimpata wa kumbeba, daktari yeyote mwenye skana anapitisha kati ya mabega, kama ana chipu inasoma namba ya tarakimu 15. Ni kama punje ya mchele, kwa mkono huwezi kuihisi.

Waya Mbili

MREJESHO WA MWISHO (ni mrefu mnivumilie)

Ijumaa nilitoa karatasi za saruji nikaweka fulana yangu ya kazi iliyofuliwa. Vilinuka saruji na maziwa. Chini nikaweka boksi nyuma ya stoo ya nondo, na bakuli la chakula na maji. Foremani nilimwambia, akakuna kichwa akasema Jumatatu iko palepale ila shafti hiyo niizungushie utepe mpaka mimi mwenyewe niseme. Tulipokuwa tunaongea mlinzi wa usiku anasikiliza, anatabasamu tu.

Jumamosi bakuli limelambwa. Nikamuuliza mlinzi kama kamwona paka anakula, akasema huyo? Huyo yupo hapa toka tunachimba msingi. Wakuu yule mzee anamgawia chakula chake kila usiku karibu mwaka mzima, anamjua, anamwita Injinia. Nikamuuliza kwa nini hukusema siku zote, akasema hakuna aliyeniuliza. Na picha niliyoizungusha nyumba za jirani hakuna aliyemdai.

Kuhusu kafikaje, alinishika mkono akanipeleka ngazi ya zege kati ya ghorofa ya tatu na ya nne, akamulika. Nyayo. Zimeganda kwenye zege, vidole vinne na kiganja, vinne na kiganja, zinapanda. Mimi nimezikanyaga miezi. Kuna fundi lipu mmoja nilishawahi kumsema kwamba ameharibu zege kwa kuweka ndoo zenye vimiguu, inabidi nimtafute nimwombe msamaha. Yani yeye alikuwa anahamia juu kila tulipomwaga slabu mpya, kelele zikisogea na yeye anasogea, ya saba ndo ilikuwa imetulia kwa sababu tulikuwa tunasubiri ikomae.

Sasa jana Jumapili usiku ndo mambo yenyewe. Mpango wangu ilikuwa nikaribie saa mbili usiku niwahamishe mimi mwenyewe. Kufika getini mzee ananiambia umechelewa. Kwenye kibanda chake, chini ya kitanda, juu ya koti la mvua, vitoto vitatu. Boksi langu hata hakuligusa, kanusa akapita. Kawabeba mwenyewe toka jua lizame.

Vitatu. Mimi nilihesabu vinne.

Mzee anasema yeye kahesabu safari tatu alafu Injinia kaondoka tena, ni kama nusu saa sasa. Nusu saa ilinitisha. Nikachukua tochi nikapanda mbio, ya tano nikapumzika, nikashika ngazi ya mbao nikaanza. Nimefika kipago cha nne nasikia juu yangu kucha zinashika mbao, kwa, kimya, kwa, kimya. Namulika. Mkia kwanza, alafu miguu ya nyuma inatafuta kipago, inapapasa hewani, inakipata. Anashuka kinyumenyume kama daktari alivyosema na mdomoni mwake kunaning'inia kitu cheusi, kile chenye kiburi, kimejikunja miguu na mkia kama mfuko, kimya kabisa. Alisimama. Mimi nilisimama. Ngazi ni ya mtu mmoja. Nikazima tochi nikashuka vipago vyangu vinne taratibu nikajibana ukutani, akanipita gizani nikausikia mkia umenigusa mguuni. Hakufoka.

Wapo wanne, mzee hataki mtu aguse koti. Bi Mkasi, mzee kakubali wakifika wiki nane tumpeleke akafungwe kizazi, mimi na foremani tumesema tutachanga. Na skana tutaomba wapitishe siku hiyohiyo.

Bi Mkasi

Nimesoma hapo kwenye ngazi mara tatu. Na huyo mzee mpe shikamoo yangu.

Mzee wa Boneti

Hukung'atwa?

Waya Mbili

Sijang'atwa mzee wangu. Leo Jumatatu saa nne nimesema sawa, shafti imezibwa. Nilishuka kwanza nikakagua kwa mkono na tochi, kona zote. Nimekuta fulana yangu na panya. Kwa hiyo siku ile nilipodhani ni panya sikukosea sana, ila alikuwa nusu.